Kwa Njia ya York na Sacagawea

Majira ya kuchipua yaliyopita nilifuata Mto Missouri kutoka St. Louis hadi chimbuko lake, nikavuka Milima ya Rocky, kisha nikateremka na Mto Columbia mpaka Bahari ya Pasifiki. Ndiyo njia waliyopita Meriwether Lewis na William Clark kati ya mwaka 1804 na 1806, walipotumwa na Rais Thomas Jefferson kuikagua nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeinunua bila kuiona. Sifa za mabwana hao zimeandikwa sana, nao walikuwa hodari kweli. Lakini nilichokiona njia nzima ni kwamba kila walipokaribia kushindwa, palikuwa na mwenyeji aliyewapa chakula, farasi au neno la njia. Habari za wenyeji hao, na za nchi yao nzuri, ndizo ninazotaka kumletea msomaji.

St. Louis na St. Charles

Safari inaanzia penye maji mengi. Kaskazini kidogo ya St. Louis, Mto Missouri unaingia Mississippi ukiwa mzito kwa tope la mbuga ulizopita. Mjini, kando ya mto, limesimama tao la chuma cha pua lenye kimo cha mita 192, ukumbusho wa walioelekea magharibi. Chini yake mna makumbusho, na humo nilikaa hadi alasiri nikisoma habari za biashara ya mwaka 1803.

Mwaka huo Napoleon aliiuzia Marekani eneo la Louisiana kwa dola milioni 15. Ukubwa wake ulikuwa kilomita za mraba zipatazo milioni 2.1, zaidi ya mara mbili ya Tanzania, na kwa ununuzi huo Marekani iliongezeka maradufu. Sababu kubwa ya kuuza ilikuwa Haiti. Watu weusi waliokuwa watumwa katika koloni hilo walikuwa wameinuka kudai uhuru, na jeshi ambalo Napoleon alilipeleka kuwatiisha liliteketea kwa vita na homa ya manjano. Alipoikosa Haiti, Louisiana haikumfaa tena. Kwa hiyo waliouvunja mpango wa Ufaransa katika Amerika, na kuifungulia Marekani mlango wa magharibi, ni wana wa Afrika waliokataa minyororo.

Tarehe 9 Machi 1804, hapa St. Louis, bendera ya Hispania, iliyokuwa ingali ikipepea hapa, ilishushwa na kupandishwa ya Ufaransa. Kesho yake ikashushwa ya Ufaransa na kupandishwa ya Marekani. Waosage, Waomaha, Walakota, Wamandan na mataifa mengine yaliyokuwa yakiishi katika nchi hiyo hawakuulizwa. Msomaji anayeujua mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 hahitaji kuelezwa zaidi.

St. Charles iko jirani, mji mdogo wenye mtaa wa matofali na nyumba kuukuu zinazotazama mto. Hapa ndipo wasafiri walipong'oa nanga tarehe 21 Mei 1804, wanaume arobaini na ushee wakiwa na mashua moja ya urefu wa mita 17 na mitumbwi miwili mikubwa. Katika makumbusho ya mtoni kuna mfano wa mashua hiyo. Niliigusa ubavuni nikafikiri kazi ya kuipandisha dhidi ya mkondo: kwa makasia, kwa pondo, na mara nyingi kwa kamba, watu wakiivuta ukingoni huku tope likiwafika magotini. Mmoja wa wavutaji hao alikuwa York, mtumwa wa Clark, aliyekua naye tangu utotoni huko Virginia na Kentucky. Wenzake walifanya kazi kwa mshahara. Yeye alifanya kazi kwa kuwa alikuwa mali ya mtu.

Sioux City na Fort Pierre

Siku zilizofuata mto ulitupeleka kaskazini katikati ya vilima vya vumbi laini lililolundikwa na upepo zamani za barafu. Juu ya kilima kimoja mjini Sioux City, katika jimbo la Iowa, kuna mnara wa mawe wenye kimo cha mita 30. Hapo amezikwa Sajenti Charles Floyd, aliyefariki tarehe 20 Agosti 1804, yamkini kwa kidole tumbo kilichopasuka. Ndiye msafiri pekee aliyekufa katika safari nzima ya zaidi ya miaka miwili. Nilipanda kilimani asubuhi na mapema. Kutoka pale unaona majimbo matatu, na mto ukijipinda kati yake.

Baada ya hapo miti hupungua, na mbuga za nyasi huanza. Upepo haukomi. Ndege wa kifua cha manjano huimba juu ya nguzo za ua, na katika mashamba fulani utawaona baisani, wale nyati wenye kibyongo na manyoya mazito mabegani, wakila na ndama wao wekundu. Wakati wa Lewis na Clark makundi yao yalifunika nchi. Kufikia mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamechinjwa kwa risasi mpaka wakabaki mamia machache tu. Hawa wa leo ni uzao wa masalia hayo.

Fort Pierre ipo mahali Mto Bad unapoingia Missouri. Tarehe 25 Septemba 1804 Walakota waliishika kamba ya mtumbwi hapa wakakataa kuiachia. Wao ndio waliotawala biashara ya mto huu, na walidai hongo kwa apitaye, kama watemi wetu wa bara walivyodai kwa misafara iliyotoka pwani. Clark alichomoa upanga, wapiga mishale wakavuta nyuzi, na ingekuwa vita kama chifu Black Buffalo asingeingia kati na kuwatuliza watu. Usiku uliofuata wageni wakachezewa ngoma na kulishwa nyama. Nilisimama kwenye mdomo wa mto huo jua likizama, nikaona ni haki kabisa mwenye mto kuuliza apitaye ni nani na amebeba nini.

Vijiji vya Mto Knife

Ukiwa na siku moja tu ya kuitazama Marekani hii, itumie hapa. Karibu na mji mdogo wa Stanton, jimbo la North Dakota, nyanda za nyasi zina mashimo makubwa ya mviringo, moja likipakana na jingine. Kila shimo ni sakafu ya nyumba. Wamandan na Wahidatsa walikaa eneo hili katika vijiji vitano vyenye watu zaidi ya 4,000, wakati ambapo St. Louis ilikuwa na watu wapatao 1,000 tu. Wasafiri wale walidhani wanakwenda nyikani. Kumbe walikuwa wakitoka katika mji mdogo kuelekea miji mikubwa zaidi.

Nyumba moja imejengwa upya ili mgeni aingie. Nguzo nne nene zimesimama katikati zikibeba boriti. Juu yake zimepangwa fito, kisha majani, kisha udongo mzito unaozuia baridi na joto. Moshi hutokea kwenye tundu la paani, na mwanga wa jua hushuka hapohapo ukatua penye jiko. Mama wa Kihidatsa aliyetuongoza alitueleza kwamba nyumba ilikuwa mali ya wanawake, na mashamba pia. Walilima mahindi, maharage, maboga na alizeti katika mabonde yenye rutuba, wakaweka akiba katika ghala zilizochimbwa ardhini. Mataifa ya mbali yalikuja hapa kubadilishana farasi, ngozi na bunduki kwa nafaka. Mwanamke mmoja aliyezaliwa hapa, Buffalo Bird Woman, alisimulia kilimo hicho hatua kwa hatua, na kitabu kilichotokana na masimulizi yake mwaka 1917 husomwa hadi leo na wapenda bustani.

Lewis na Clark walijenga ngome yao ng'ambo ya mto, wakaiita Fort Mandan, wakakaa hapo majira ya baridi. Baridi ilishuka chini ya nyuzi 40 hasi. Chakula chao hakikutosha, na kilichowaokoa ni mahindi ya wanawake wa Kimandan, waliyoyapata kwa kubadilishana na shoka zilizofuliwa na mhunzi wao. Chifu Sheheke aliwapa ahadi kwamba wao wakipata chakula na wageni watapata, na wakilala njaa watalala nayo pamoja.

Hapo ndipo alipotokea Sacagawea, msichana wa Kishoshone wa miaka kama 16, aliyetekwa na Wahidatsa miaka michache kabla kisha akawa mke wa mfanyabiashara Mfaransa wa Kanada, Toussaint Charbonneau. Tarehe 11 Februari 1805 alijifungua mtoto wa kiume, Jean Baptiste, na chini ya miezi miwili baadaye alianza safari ya kwenda baharini akiwa na mtoto mgongoni. York naye alikuwa gumzo la vijiji. Le Borgne, chifu wa Wahidatsa, alilowesha kidole akamsugua ngozi kuona kama rangi itatoka. York akavua kilemba akamwonyesha nywele zake. Watu walimtazama kwa heshima, wakiamini kwamba mtu wa namna ile ana nguvu za pekee. Nilipokuwa nimekaa ndani ya nyumba ile ya udongo nilimfikiria sana. Huenda hapa palikuwa mahali pa kwanza maishani mwake ambapo weusi wake ulimpa cheo.

Yaliyofuata ni mazito. Mwaka 1837 meli ya mvuke ilileta ndui, na Wamandan, waliokuwa wapata 1,600, wakabaki mia moja na ushee. Waliosalia waliungana na Wahidatsa na Waarikara, na mataifa hayo matatu yangali pamoja katika eneo la Fort Berthold. Hata hivyo hawakuachwa. Katika miaka ya 1950 bwawa la Garrison liliyafunika mashamba yao ya mabondeni pamoja na mji wao wa Elbowoods. Ipo picha ya mwaka 1948 ya mwenyekiti wao, George Gillette, akijifunika uso na kulia huku ofisa wa serikali akitia sahihi mkataba wa kuichukua ardhi hiyo. Ziwa lililotokea wameliita Sakakawea. Ni maji ya buluu yasiyo na mwisho, mazuri sana kutazama, na chini yake kuna mashamba ya watu walioilisha safari nzima.

Mjini New Town, kando ya ziwa hilo, nilikula supu ya mahindi na nyama ya baisani, pamoja na mkate wa kukaanga ambao Mswahili yeyote angeuita andazi bila kusita. Mkate huo ulizaliwa siku za dhiki, wenyeji walipogawiwa unga wa ngano na mafuta baada ya kunyang'anywa mashamba na mawindo. Leo hauwezi kukosekana kwenye sherehe.

Genge jeupe na Great Falls

Montana ni nchi ya mbingu pana. Kutoka Fort Benton niliungana na watu waliokuwa wakishuka mto kwa mitumbwi kwenye sehemu ambayo haijajengwa kitu, na huko nikaona genge la mawe meupe alilolistaajabia Lewis tarehe 31 Mei 1805. Ni kuta ndefu za mchanga ulioganda, zilizochongwa na maji na upepo zikafanya nguzo, matundu na ngazi. Jioni huwa za rangi ya dhahabu. Mwari weupe walielea mbele yetu, na kondoo wa mwituni wenye pembe zilizojikunja walitutazama kutoka juu bila hofu. Tulilala ukingoni, na usiku kucha ilisikika sauti ya mto ikila udongo wa kando.

Mwezi Juni 1805 wasafiri walifika penye njia panda ya maji, ambapo Mto Marias unaingia Missouri. Karibu watu wote waliamini mkono wa kaskazini ndio Missouri. Makapteni wawili, Lewis na Clark, wakasema ni wa kusini, kwa kuwa Wahidatsa walikuwa wamewaambia kwamba Missouri hushuka kutoka maporomoko makubwa, na maji yake hapo si ya tope. Tarehe 13 Juni Lewis alisikia ngurumo, akaona mvuke ukipanda, akafika kwenye maporomoko. Maelezo ya wenyeji yalikuwa sahihi.

Maporomoko ni matano yanayofuatana. Ilibidi mitumbwi na mizigo ipitishwe nchi kavu kwa kilomita 29, juu ya magurudumu yaliyokatwa kwenye gogo la mti, katika mvua ya mawe, na ardhi ikiwa imejaa mipungate ambayo miiba yake ilipenya viatu vya ngozi. Kazi yote kwenye maporomoko iliwachukua karibu mwezi. Mji wa Great Falls umejengwa hapo, na mabwawa ya umeme yamefunga mengi ya maporomoko hayo, hivyo mahali pengi maji huanguka pale tu yanapoachiliwa. Kisichobadilika ni chemchemi ya Giant Springs, ambayo Clark aliiona tarehe 18 Juni. Maji yake yanabubujika kutoka chini ya ardhi yakiwa baridi na maangavu kiasi cha kuona majani ya kijani yakicheza chini kabisa.

Three Forks na Lemhi Pass

Mto Missouri unazaliwa mahali pa utulivu. Mito mitatu inakutana katika bonde lililozungukwa na milima yenye theluji, na makapteni waliipa majina ya wakubwa wao: Jefferson, Madison na Gallatin. Nilikaa hapo kwenye mwamba wa chokaa asubuhi nzima. Wakazi wa Washington walipewa mito, lakini aliyekuwa na kumbukumbu na mahali hapa ni Sacagawea. Watu wake walikuwa wamepiga kambi hapa siku Wahidatsa walipowavamia na kumteka. Alirudi hapo mwaka 1805 akiwa mama, amezungukwa na wageni. Siku chache baadaye alilitambua jiwe kubwa lililoonekana kwa mbali, linaloitwa Beaverhead, akawaambia kwamba kwao hakuko mbali. Wasafiri waliokwisha kukata tamaa wakapata nguvu.

Barabara ya kwenda Lemhi Pass ni ya changarawe, inapanda kati ya malisho na misonobari hadi kimo cha mita 2,247. Nilipofika juu bado kulikuwa na theluji penye vivuli, na maua ya manjano yalikuwa yamefunika mteremko. Hapa ndipo maji ya bara hili hugawanyika: tone linaloangukia mashariki litafika Ghuba ya Meksiko, na linaloangukia magharibi litafika Pasifiki. Tena hapa ndipo nchi iliyonunuliwa ilipokoma. Tarehe 12 Agosti 1805 Lewis alipanda hapa akitumaini kuona tambarare na mto mkubwa unaoteremkia baharini. Aliona milima nyuma ya milima, na theluji juu yake. Ndoto ya Jefferson ya njia ya maji kuvuka bara ilifia mahali hapa. Mandhari hiyo haijabadilika, na mtu yeyote mwenye macho ataelewa jinsi moyo wake ulivyozama.

Bila farasi wangekufa. Siku tano baadaye walikutana na Washoshone kuzungumzia farasi. Maneno ya Lewis yalitoka kwa Kiingereza, askari mmoja akayatia katika Kifaransa, Charbonneau akayatia katika Kihidatsa, na Sacagawea akayafikisha kwa Kishoshone. Katikati ya mazungumzo alimtazama chifu vizuri, akaruka, akamfunika kwa blanketi lake huku akilia. Chifu Cameahwait alikuwa kaka yake. Farasi wakapatikana. Mahali penyewe sasa pamefunikwa na maji ya bwawa, na wavuvi hupita juu yake kwa mashua za injini.

Missoula, Lolo na Weippe

Kutoka kwa Washoshone wasafiri waliingia bonde la Bitterroot, ambako Wasalish waliwapokea tarehe 4 Septemba 1805, wakawapa matunda na mizizi waliyokuwa nayo, na wakawauzia farasi zaidi. Wasalish hao hao walihamishwa kwa nguvu kutoka bonde hilo mwaka 1891.

Mji wa Missoula uko kwenye mdomo wa bonde. Tangu mwaka 2016 umepokea wakimbizi kutoka Kongo, na nilibahatika kukaribishwa na familia iliyotoka Kivu Kusini, iliyokaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Baba, unatokea wapi?" Nikamjibu kwamba natoka Dar es Salaam. "Basi uko nyumbani. Kula kwanza, habari ya njia utatuambia nyuma." Akaniwekea bugali, sombe na samaki wa mto. Watoto walinisimulia milima kwa majina yake, wakichanganya Kiswahili na Kiingereza. Nilifurahi kuona bonde lililozoea kupokea wageni lingali linapokea, na kwamba lugha yetu sasa ina makao chini ya Milima ya Rocky.

Jirani tu, mjini Lolo, ipo kambi ya Travelers' Rest. Mwaka 2002 wanaakiolojia walithibitisha kuwa wasafiri walilala hapo, baada ya kukuta zebaki kwenye udongo wa lililokuwa shimo la choo. Dawa ya tumbo waliyomeza ilikuwa na zebaki. Kutoka hapo waliingia milimani wakiongozwa na mzee wa Kishoshone waliyemwita Toby. Theluji iliwaangukia katikati ya Septemba, farasi wakabingirika mabondeni, mawindo hayakuonekana, wakachinja wana-farasi na kuwala. Mimi nilipita chini, kando ya Mto Lochsa. Mierezi mikubwa imesimama ukingoni, harufu yake ni nzito, na maji ni ya kijani na yenye ghadhabu. Ukitazama juu huoni mwisho wa msitu.

Kisha msitu unafunguka ghafla, na mbele yako pana uwanda wa Weippe. Nilifika kabla maua ya camas hayajaisha. Ni maua ya buluu yanayofunika bonde lote, na Lewis alipoyaona mwaka 1806 aliyadhania ziwa la maji maangavu. Kiazi chake ndicho chakula cha Wanez Perce, wanaojiita Nimiipuu. Huchimbwa kwa kijiti, hufukiwa juu ya mawe ya moto kwa zaidi ya siku nzima, na hutoka cheusi na kitamu. Nilipewa nionje. Ladha yake hukaa mdomoni kwa muda.

Clark na wawindaji sita walitokea hapa tarehe 20 Septemba 1805, wamekonda na kudhoofu, wakapewa camas na samaki wa samoni waliokaushwa. Walikula wakaugua matumbo wote. Kuwamaliza na kuchukua bunduki zao kungekuwa kazi nyepesi. Wanez Perce husimulia kwamba bibi mmoja, Watkuweis, aliyewahi kutekwa na kutendewa wema na watu weupe, aliwaambia vijana wasiwadhuru. Wakaachwa hai. Chifu Twisted Hair akawaonyesha jinsi ya kuchimba mitumbwi kwa moto, na farasi wao wakatunzwa mpaka waliporudi. Wema huo ulilipwa hivi: mkataba wa mwaka 1863, baada ya dhahabu kugunduliwa, uliwapokonya karibu tisa ya kumi ya ardhi iliyokuwa imetambuliwa kuwa yao mwaka 1855, na mwaka 1877 jeshi likawafukuza kwa vita hadi karibu na mpaka wa Kanada.

Mto Columbia

Kutoka hapo maji yanateremka kuelekea baharini. Columbia ni mto mpana unaopasua milima ya mawe meusi, na upepo wake humsukuma mtu. Kwenye Maporomoko ya Celilo wenyeji walivua samoni kwa maelfu ya miaka, wakisimama juu ya majukwaa ya mbao na nyavu za mkono. Palikuwa soko kubwa. Clark aliona vikapu vya samaki waliotwangwa na kushindiliwa, tayari kwa biashara na mataifa ya mbali. Tarehe 10 Machi 1957 bwawa la The Dalles lilifungwa, na maporomoko yakazama kwa muda wa saa chache.

Juu ya mwamba upande wa jimbo la Washington ipo sura iliyochorwa na kuchongwa zamani, yenye macho makubwa, iitwayo Tsagaglalal. Huwezi kumwendea bila kiongozi. Katika hadithi ya wenyeji alikuwa chifu mwanamke aliyegeuzwa jiwe ili awatazame watu wake daima. Mbele kidogo, Cascade Locks, wavuvi wenyeji wanauza samoni chini ya daraja. Nilinunua kipande kilichobanikwa kwa moshi, nikala nikiwa nimekaa kwenye jiwe.

Mwambao wa Pasifiki

Mdomo wa Columbia ni ukungu, mawimbi na mvua. Nilifika mvua ikinyesha, na wenyeji waliniambia kwamba hiyo ndiyo karibu yao. Upande wa kaskazini kipo kijiji cha kale cha Wachinook, Middle Village, ambapo wasafiri walipiga kambi. Tarehe 24 Novemba 1805 kila mtu aliulizwa wakae wapi majira ya baridi, na jibu lake likaandikwa. York, mtumwa, aliulizwa. Sacagawea aliulizwa pia, akasema waende penye mizizi ya kula kwa wingi. Wanaume weusi wa Marekani walingoja haki ya kura kikatiba hadi 1870, wanawake hadi 1920, na si wenyeji wote waliotambuliwa kuwa raia hadi 1924.

Walivuka wakajenga Fort Clatsop karibu na ilipo Astoria ya leo. Ngome imejengwa upya katikati ya misonobari iliyoota kuvu la kijani, vyumba vyake vidogo, giza, harufu ya moshi na unyevu. Walikaa humo siku 106, na siku zisizo na mvua zilikuwa 12 tu. Walikula nyama ya elki iliyokuwa ikianza kuoza na mizizi waliyonunua kwa Waclatsop. Mwezi Januari 1806 ikaja habari kwamba nyangumi amekwama ufukweni. Sacagawea alisema ametembea mbali sana kuja kuyaona maji makuu, hawezi kunyimwa kumwona na samaki huyo. Akaenda. Walimkuta amebaki mifupa, na Clark akanunua shahamu yake kwa wenyeji. Nami nilitembea katika ufukwe huo wa Cannon Beach, mawimbi yakivunjika kwenye majabali meusi, nikafurahi kwamba alidai haki yake akaipata.

Kabla ya kuondoka mwezi Machi 1806 wasafiri waliiba mtumbwi mmoja wa wenyeji. Mwaka 2011 wajukuu wa ukoo wa Clark waliwaletea Wachinook mtumbwi mwingine badala yake. Lakini taifa lenyewe la Wachinook lilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2001, na mwaka uliofuata kutambuliwa huko kukafutwa.

Waliporudi St. Louis tarehe 23 Septemba 1806, askari walilipwa mshahara mara mbili na ekari 320 kila mmoja. Makapteni walipata ekari 1,600 kila mmoja. Charbonneau alilipwa dola 500 na senti 33. Sacagawea hakulipwa chochote. York hakulipwa chochote, na alipoomba akae Louisville karibu na mkewe, Clark alimkasirikia, akakataa kumwacha huru kwa miaka mingi. Mwaka 2001, York akiwa amekwisha kufa zamani, Rais Bill Clinton alimpa cheo cha heshima cha sajenti.

Nchi ile iliuzwa Paris, lakini gharama ya safari ililipwa na wenyeji, kwa mahindi yao, farasi wao na samaki wao, na hawajarudishiwa. Msomaji atakayejaliwa kufika huko asiridhike na sanamu za makapteni. Aanzie kwenye nyumba za udongo za Mto Knife, afike Weippe maua yakiwa wazi, anunue samaki kwa wenye mto, na awaulize wenyewe habari za nchi yao. Wapo, na wanasimulia.